Kufunika madirisha ya gereji ya nyumbani: jicho lisione, mkono usipite

Maswali huwa yale yale. "Nibandike tinti gani kwenye dirisha la gereji?" "Nikipigilia plaiwudi, si nimemaliza?" "Ile stika inayofanya kioo kiwe cha kujitazama, inamzuia mwizi?" Anayeuliza kwa kawaida amehamia nyumba mpya pembezoni mwa Kampala, Kira au Najjera au njia ya Entebbe, na gereji imejengwa karibu kabisa na ukuta wa mbele. Dirisha linatazama njia ya boda. Ndani kuna jenereta, betri ya sola, baiskeli za watoto na magunia ya mahindi yaliyoletwa kutoka kijijini. Gari lenyewe mara nyingi linalala uani, maana gereji imeshageuka stoo.

Kabla hujatoa pesa mfukoni, shika jambo moja: kuficha na kuzuia ni kazi mbili, na kifaa cha bei ya kawaida kinachofanya zote mbili vizuri hakipo. Stika inazuia jicho, nondo zinazuia mwili. Aliyebandika stika peke yake amemnyima mwizi habari, lakini njia amemwachia. Aliyeweka nondo peke yake amefunga njia, ila bado anatangaza mali yake kwa kila apitaye, na nondo hazizuii fimbo ndefu yenye ndoano inayovuta begi kutoka juu ya meza. Ipo kazi ya tatu ambayo watu huisahau: hewa. Gereji ina petroli, rangi, pengine mtungi wa gesi. Ukiziba kila tundu kwa jina la usalama, umejitengenezea hatari nyingine.

Vitu vya kuandaa

Kwa kuficha:

- Stika ya ukungu, ile nyeupe inayopitisha mwanga bila kuonyesha sura. Kampala utaipata kwa wauza vifaa vya mabango Nasser Road na Nkrumah Road, na kwenye maduka ya vioo na alumini. Ukiwa Arua, Busia au Mbarara, muulize fundi wa alumini kama ana kipande kilichobaki kwenye kazi nyingine. Dirisha la gereji ni dogo, huhitaji roli nzima.
- Chupa ya kupulizia, maji safi yaliyochujwa, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Wembe mpya na kisu cha kukatia makatoni.
- Kipangusio chenye ukingo wa mpira. Ukikosa, kadi ngumu ya plastiki iliyofungwa kitambaa laini inafanya kazi.
- Vitambaa visivyoacha nyuzi. Fulana kuukuu ya pamba inatosha.
- Futi ya kupimia, penseli na rula ndefu ya chuma.

Kwa kuzuia:

- Nondo za mraba za milimita 12, chuma kitupu hadi ndani. Usikubali bomba la mraba lenye tundu katikati: linapendeza likipakwa rangi, lakini msumeno wa chuma hulimaliza haraka.
- Chuma bapa cha fremu, unene usiopungua milimita 4.
- Saruji na mchanga kidogo, au boliti za kupanuka kama ukuta wako ni wa zege.
- Rangi ya msingi ya kuzuia kutu na rangi ya mafuta ya juu.
- Bawaba nzito mbili na kufuli moja nzuri, kwa sehemu ya kufunguka. Sababu yake iko kwenye hatua ya 5.
- Wavu wa mbu na wavu mgumu wa chuma kwa matundu ya hewa.

Kazi ya chuma mpe fundi wa kuchomelea. Katwe ndiyo inayojulikana, lakini karibu kila kituo cha biashara kina karakana yake kando ya barabara. Stika unaweza kuibandika mwenyewe siku ya Jumapili.

Onyo la kwanza, na si la ufundi: kabla fundi hajaingia kupima, hamisha mali ya thamani au ifunike kwa turubai. Mafundi wengi ni watu waaminifu. Lakini fundi ana wasaidizi, wasaidizi wana marafiki, na hakuna maana ya kulipa pesa ili kuficha gereji baada ya watu watano kukagua kilichomo.

Hatua ya 1: Simama nje, mchana na usiku

Nenda upande wa barabara saa sita mchana, tazama ndani. Kisha rudi saa mbili usiku, taa ya gereji ikiwa inawaka. Utashangaa jinsi dirisha lilelile linavyobadilika. Andika unachokiona kutoka usawa wa mtu anayetembea, na pia kutoka juu: kama jirani ana ghorofa, au njia iko juu kuliko kiwanja chako kama ilivyo kwenye vilima vya Muyenga na Mutundwe, nusu ya chini ya dirisha haitoshi kufunikwa.

Angalia pia dirisha linaelekea wapi. Uganda inapitiwa na ikweta (ndio ule mstari wenye alama pale Kayabwe, njia ya Masaka), kwa hiyo madirisha ya mashariki na magharibi hupigwa na jua kali mwaka mzima, asubuhi au jioni. Hili litaamua rangi ya stika yako.

Hatua ya 2: Litambue dirisha lako

Kila aina ina udhaifu wake, na mwizi anaujua kuliko wewe.

*Dirisha la chuma lenye vioo vilivyoshikwa kwa puti.* Ndilo limejaa kwenye nyumba za zamani. Puti huwa upande wa nje. Ikizeeka na kupasukapasuka, inachokolewa kwa bisibisi, kioo kinatolewa kizima, hakuna kelele ya kuvunjika. Jaribu kuibonyeza puti yako kwa kucha. Ikidondoka, ibandue yote na uweke mpya kabla ya kazi nyingine yoyote.

*Luva.* Kila kipande cha kioo kimeshikwa na kibanio cha bati pande mbili. Ukikunjua kibanio, kioo kinateleza nje. Watu huweka silikoni kwenye ncha zote mbili za kila kipande, nayo inasaidia kumchelewesha mtu, lakini luva bila nondo kwa ndani ni mlango ulio wazi.

*Alumini ya kuteleza.* Kagua kama bawa linaweza kuinuliwa likatoka kwenye reli yake. Mengi yanainuka. Fundi akiongeza skrubu mbili kwenye reli ya juu, zikaacha nafasi ya kuteleza tu, bawa halinyanyuki tena.

*Kioo cha mawimbi*, kile cha bafuni. Hiki kimeshafanya nusu ya kazi ya kuficha. Stika haishiki upande wenye mawimbi, ibandike upande laini. Kama upande laini uko nje, acha stika, tumia pazia.

Tazama pia nondo zilizopo tayari, maana nyumba nyingi zinauzwa "na vyuma vyake". Kwenye madirisha mengi ya chuma nondo zimechomelewa kwenye fremu ya dirisha lenyewe, na fremu imeshikwa ukutani na vimiguu vichache vyembamba ndani ya plasta. Mtu mwenye mtaimbo hahangaiki na nondo hata moja. Anang'oa dirisha zima. Shika nondo zako kwa mikono miwili na uzitikise kwa nguvu. Kama plasta inatoa vumbi pembeni, hesabu kwamba huna nondo.

Hatua ya 3: Panga upya ndani

Hii haigharimu chochote, na wengi huiruka. Ondoa kila kitu kilicho chini ya dirisha na kilicho karibu na kioo. Stika ya ukungu huficha vilivyo mbali, lakini kitu kilichoegemea kioo huonyesha umbo lake: usukani wa baiskeli utajulikana kuwa usukani wa baiskeli. Rudisha vitu nyuma angalau hatua moja kubwa. Vya kubebeka haraka (drili, pasi, betri, mkoba wa zana) viende kwenye ukuta ule wenye dirisha, pembeni yake, mahali ambapo mtu anayechungulia hawezi kupinda shingo akaviona na fimbo haiwezi kuvifikia.

Funguo za gari zisitundikwe gereji kamwe.

Hatua ya 4: Chagua kifuniko cha macho

Mimi huwashauri wengi wachukue stika ya ukungu. Inafanya kazi mchana na usiku, inaacha mwanga uingie, na haitangazi chochote. Nyumba inaonekana ya kawaida.

Ile stika ya kioo cha kujitazama ina sifa kuliko inavyostahili. Inategemea mwanga: upande wenye mwanga mwingi huona kioo, upande wenye giza huona ng'ambo. Mchana uko salama. Usiku ukiwasha taa, mambo yanageuka, na gereji yako inakuwa kama televisheni iliyowashwa barabarani. Ukiitaka lazima uongeze pazia, na kama una pazia, stika ya nini?

Tinti nyeusi ya magari nayo iachwe kwa magari. Kwenye dirisha linalopigwa na jua la magharibi inanyonya joto. Katikati ya kioo kunachemka huku kingo zilizofichwa ndani ya fremu zikibaki na ubaridi, na kioo kinaweza kupasuka chenyewe. Hatari ni kubwa zaidi kwa kioo chenye waya ndani. Upande wa mashariki na magharibi, tumia stika nyeupe.

Kuna pia stika nene ya usalama, kati ya mikroni 100 na 200, wakati ya urembo ni nyembamba zaidi. Haizuii kioo kupasuka, inashikilia vipande visianguke, na mwizi analazimika kupiga tena na tena huku mbwa wa mtaa mzima wakiamka. Ni kitu kizuri, lakini ni cha kuongezea juu ya nondo. Kisiwe badala yake.

Plaiwudi nina maneno nayo. Iliyopigiliwa nje ina skrubu zake upande wa mwizi. Mvua za Machi hadi Mei zinaivimbisha, na mchwa wakiipata hawakuachii kitu. Kwa barabarani inaonekana ama nyumba imeachwa, ama kuna kitu kikubwa kinafichwa. Ukiitumia, iwe ndani ya nyumba, ya milimita 12, imepakwa rangi pande zote pamoja na kingo, na upande unaotazama kioo uwe mweupe ili mtu wa nje aone kitu kinachofanana na pazia. Acha nafasi ya vidole viwili kati yake na kioo, hewa ipite.

Magazeti yaliyobandikwa kwa uji wa muhogo? Najua. Kila mtaa una dirisha hilo. Yanafaa wiki moja ukisubiri mshahara. Baada ya hapo yanageuka manjano, yanabanduka pembeni, na karatasi kavu karibu na petroli si jambo la kuchekea. Hali kadhalika mkeka wa mafunjo: unapendeza na hauna gharama, lakini uweke kwenye gereji isiyo na mafuta wala kazi ya kuchomelea.

Hatua ya 5: Pima na uagize nondo

Chuma hutangulia stika. Ukibandika stika kwanza halafu fundi akaja na mashine yake, cheche zitatoboa stika na kuacha vidoti kwenye kioo ambavyo havifutiki kwa sabuni yoyote.

Pima nafasi ya dirisha kwa ndani, upana sehemu tatu na urefu sehemu tatu. Kuta zetu mara chache ziko sawa. Mpe fundi kipimo kidogo kuliko vyote. Mwambie haya, na ikiwezekana umwandikie:

- Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10. Wezi hutuma watoto wadogo, na kichwa kikipita, mwili unafuata.
- Kila nondo ichomelewe kwenye fremu pande zote, isiwe kidoti kimoja cha haraka.
- Fremu iwe na miguu ya chuma ya kuzama ukutani, angalau miwili kila upande.
- Grili, yaani nondo pamoja na fremu yake, ikae ndani. Dirisha la chuma hufunguka kwenda nje, hivyo haligombani na nondo. Kumbuka nafasi ya mkono kufikia komeo la dirisha, ila isiwe kubwa kiasi cha mkono wa nje kufikia komeo la mlango.

Sasa ile bawaba. Je, kuna mtu anayelala humo? Dereva, mlinzi, kijana wa shamba, mgeni wakati wa sikukuu? Kama jibu ni ndiyo, au hata "wakati mwingine", sehemu moja ya grili ifunguke kwa ndani na ifungwe kwa kufuli. Moto ukianzia mlangoni, dirisha ndilo tundu pekee. Ufunguo utundikwe mahali ambapo alalaye anaufikia gizani, na aliye nje hawezi kuuvua kwa waya. Fundi atakwambia sehemu ya kufunguka inapunguza nguvu. Ni kweli, kidogo. Iweke.

Hatua ya 6: Simika

Nyumba nyingi Uganda ni za matofali ya kuchoma yaliyopigwa plasta nene, na hapo boliti ya kupanuka hudanganya: inabana vizuri siku ya kwanza, kisha tofali linasagika ndani na boliti inalegea. Boliti ziache kwa zege, kama linta juu ya dirisha. Kwenye matofali, chimba.

Fundi achimbe matundu ya kina cha sentimita 10 ndani ya tofali lenyewe, baada ya kuvuka plasta. Safisha vumbi, mwaga maji, ingiza miguu ya grili, jaza mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu, ugandamize kwa mti. Tegemeza grili isicheze. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku tatu au zaidi, na hapo katikati asiitikise mtu "kujaribu".

Kama umetumia boliti kwenye linta, vichwa vyake vichomelewe kwenye fremu baada ya kukaza, ili spana isipate pa kushika.

Wakati wa kuchomelea mahali penyewe, toa nje petroli, jenereta, rangi na gari. Funika vioo kwa gunia lililolowa. Kuwe na ndoo ya mchanga karibu. Na usimwache msaidizi wa fundi achomelee akiwa amevaa miwani ya jua, hata akikwambia amezoea.

Hatua ya 7: Rangi

Hapa ni kufupi. Piga msasa kwenye viungo vilivyochomelewa, futa vumbi, paka rangi ya msingi, iache ikauke, kisha paka rangi ya mafuta mara mbili. Msimu wa mvua wa Septemba hadi Novemba rangi hukauka polepole, usiharakishe mkono wa pili. Sehemu iliyo karibu na saruji ndiyo huoza kwanza, hiyo paka kwa brashi ndogo hadi ndani ya ufa.

Hatua ya 8: Bandika stika

Stika inakaa upande wa ndani wa kioo. Nje ingepigwa na jua, mvua na kucha za wapita njia. Kama grili mpya inakuzuia kukifikia kioo, fungua mabawa ya dirisha na ufanyie kazi kwenye bawa lililofunguka. Kioo kisichofunguka kifanyie kazi kwa mkono kupita kati ya nondo. Inasumbua lakini inawezekana, hasa ukikata stika vipande viwili na kuunganisha katikati.

1. Chagua wakati. Asubuhi mapema au siku ya mawingu; juani maji hukauka kabla hujanyoosha. Gulu na Arua wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, vumbi ni adui: mwagia sakafu maji kwanza na ufunge mlango.
2. Osha kioo kwa maji ya sabuni, kisha pitisha wembe juu yake chote, hata kama kinaonekana safi. Utatoa chembe za rangi na saruji zilizobaki tangu nyumba ijengwe. Osha tena, futa, maliza na kingo.
3. Kata stika ikiwa kubwa kuliko kioo kwa sentimita mbili kila upande.
4. Weka matone machache ya sabuni kwenye lita ya maji. Povu likizidi, umeweka nyingi.
5. Lowesha kioo hadi maji yatiririke. Watu hubana maji hapa, na ndipo stika inaposhika mahali isipotakiwa.
6. Bandua karatasi ya nyuma taratibu, ukipulizia maji upande wa gundi kadiri unavyobandua. Mtu wa pili ashike pembe mbili. Gundi ikigusana yenyewe, kipande hicho kimekwisha.
7. Weka stika kwenye kioo, itelezeshe hadi ikae sawa. Lowesha uso wake pia, ili kipangusio kisikwaruze.
8. Sukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni, kwanza kwa mkono mwepesi, kisha kwa nguvu.
9. Kata ziada kwa kisu kipya ukitumia rula. Acha nafasi ya milimita moja au mbili kati ya stika na fremu. Stika iliyopanda juu ya mpira au puti itaanza kubanduka hapo hapo.
10. Pitisha kipangusio mara ya mwisho, ukifuta kingo kwa kitambaa.

Usifungue dirisha wala kuosha kioo kwa siku kadhaa. Baadaye osha kwa maji ya sabuni tu. Dawa za vioo zenye amonia hula stika.

Hatua ya 9: Hewa isiguswe

Juu ya madirisha mengi kuna yale matundu ya hewa kwenye ukuta. Usiyazibe. Yawekee wavu mgumu wa chuma kwa ajili ya panya na mikono, na wavu wa mbu nyuma yake. Petroli na gesi ya kupikia, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini; kwa hiyo ukihifadhi vitu hivyo, acha pia tundu karibu na sakafu, lenye wavu wake.

Na hili lisemwe wazi: jenereta haiwashwi ndani ya gereji iliyofunikwa, hata mlango ukiwa nusu wazi. Gari halipashwi moto humo, na sigiri, lile jiko la makaa, haiwashwi humo usiku wa mvua. Hewa ya sumu inayotoka kwenye vitu hivi, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na gereji uliyoiziba vizuri dhidi ya macho inaishika vizuri vilevile. Umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, ukikatika, jenereta inakwenda nje, mbali na dirisha lolote.

Hatua ya 10: Rudi nje usiku

Washa taa ya gereji, simama barabarani. Mtu atembee ndani. Ukiona kivuli tu, sawa. Ukiweza kusema ameshika nini, vitu viko karibu mno na kioo, au taa iko nyuma yake. Ihamishie kwenye ukuta wa dirisha ili imulike kwenda ndani. Kisha weka taa ya sola nje, juu ya dirisha. Nje kukiwa na mwanga na ndani giza, hata pazia jepesi linatosha.

Kama umepanga nyumba

Usichimbe ukuta wa mwenye nyumba bila ruhusa ya maandishi. Mweleze unachotaka, nani atalipa, na kama grili itabaki ukihama. Wenye nyumba wengi hukubali kukata sehemu ya gharama kwenye kodi, kwa kuwa grili inabaki kuwa yao. Akikataa, kuna stika isiyo na gundi, inayoshika kwa maji tu na kubanduka bila alama, na kuna pazia la kitenge zito kwenye waya. Hizo zinaficha. Kwa kuzuia, mali ya thamani ilale ndani ya nyumba.

Ikileta shida

*Vipovu vya maji vimebaki.* Vidogo huisha vyenyewe ndani ya wiki chache. Vyenye chembe katikati haviishi. Hiyo ni taka iliyobaki kwenye kioo. Viache, au ubadilishe kipande hicho. Kuchoma kwa sindano kunasaidia kipovu cha hewa, si cha taka.

*Kingo zinabanduka.* Ama kingo hazikuoshwa, ama stika imegusa fremu. Kata milimita mbili kwa kisu kipya, safisha, kandamiza. Gundi ya haraka usiitumie, inaacha doa jeupe.

*Kioo kimepasuka bila kupigwa.* Ufa ukianzia ukingoni na kuingia ndani ukijipinda, ni joto. Kioo kipya kibandikwe stika nyeupe, na uondoe kabati au plaiwudi iliyogusa kioo kwa nyuma.

*Kuna unyevu na kuvu nyuma ya plaiwudi.* Nafasi ya hewa haipo. Ongeza vipande vya mbao nyuma ya kila skrubu ili plaiwudi isogee, na utoboe matundu machache juu na chini.

*Kutu inatiririka ukutani.* Iko kwenye kiungo cha chuma na saruji. Kwangua hadi chuma cheupe kionekane, paka msingi, paka rangi, ziba ufa kwa silikoni ya nje.

*Grili inacheza.* Usiongeze saruji juu ya saruji. Ng'oa mguu uliolegea, chimba ndani zaidi hadi kwenye tofali zima, usimike upya.

*Gereji imekuwa giza mno.* Badilisha bati moja la paa kwa lile la plastiki linalopitisha mwanga, na chini yake uweke wavu wa nondo nyembamba, kwani paa nalo ni njia.

*Stika ya zamani haitoki.* Ipashe joto kwa kikausha nywele au kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, anza pembeni, vuta polepole ukiilaza karibu na kioo. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, subiri nusu saa, kisha pitisha wembe ukiulaza karibu na kioo, na uoshe kwa sabuni mara mbili kabla ya kubandika mpya, kwa maana stika haishiki juu ya mafuta.